Upepo wa Tairi la Zamani Si wa Tairi Jipya

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi tairi mmoja pale Nkende, nikisubiri pancha yangu izibwe. Ikaja pick-up ya mzee mmoja tunayefahamiana kwa sura. Ni mtu anayebeba ndizi na mahindi kutoka vijijini kuja mjini Tarime, na siku za shida hubeba wagonjwa. Magurudumu yote manne yalikuwa mapya, yenye kashata nene, yale yaliyoandikwa herufi A na T ubavuni, maana yake matairi ya njia zote, lami na vumbi. Mzee alikuwa na furaha, na alistahili, kwa maana matairi manne ya namna hiyo si fedha ya kuokota.

Kijana wa gereji akashika mpira wa kompresa, akauliza, "Mzee, niweke ngapi?"

"Weka kama kawaida, mura," mzee akajibu, akaendelea na mazungumzo yake.

Maneno hayo, "weka kama kawaida", ndiyo ninayotaka tuyatazame leo. Wala siyasemi kwa kumcheka mzee yule. Na mimi niliwahi kuyasema, na nusura yatugharimu watu watano.

Miaka michache iliyopita gari la kazini kwetu lilifungwa matairi ya aina hiyo hiyo. Ya zamani yalikuwa yale yaliyokuja na gari, na tulikuwa tumezoea kuyajaza paundi 29. Mapya nayo tukayajaza 29. Baada ya majuma kama sita tukatoka Tarime kwenda Musoma mchana wa jua kali, tukiwa watano, na nyuma tuna jenereta na vyombo vya kurekodia. Tulipovuka Daraja la Kirumi dereva akasema anahisi gari linayumba upande wa nyuma. Tukasimama. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na joto ambalo kiganja hakiwezi kuvumilia, na harufu ya mpira ilitujaa puani. Tukalibadilisha. Fundi wa Musoma alipolivua kwenye rimu, alituonyesha kwa ndani mstari ulioanza kukwanguka kuzunguka ubavu wote. Akasema, "Mngeendelea nalo hadi Mwanza, msingefika."

Tairi lilikuwa jipya. Halikuwa bovu, wala aliyetuuzia hakutudanganya. Kosa lilikuwa letu. Tulinunua tairi jingine tukalipa upepo wa tairi la zamani.

Ndugu msikilizaji, ili tuelewane, yafaa kwanza tujiulize swali dogo: gari hubebwa na nini? Wengi watajibu, na tairi. Sivyo hasa. Gari hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya tairi. Mpira na nyuzi zake kazi yake ni kuushika upepo huo usitoke. Upepo ukiwa haba kuliko mzigo, ubavu wa tairi hulala, na kila gurudumu linapozunguka ubavu huo hukunjwa na kukunjuka. Chukua waya, uukunje huku na huku mara nyingi upesi upesi, kisha uguse pale ulipokunjwa. Una moto. Endelea, utakatika. Tairi la pick-up lenye kimo cha sentimita 75 huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hesabu mwenyewe limekunjwa mara ngapi kutoka Tarime hadi Musoma. Joto hilo ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi, hata siku moja tairi likapasuka ghafla, na watu wakasema limepasuka bila sababu.

Sasa tuje kwenye matairi haya ya A/T. Yako ya namna mbili, na kwa macho hufanana. Namna ya kwanza imetengenezwa kwa kipimo cha magari madogo. Namna ya pili imetengenezwa kwa kipimo cha magari ya mizigo midogo, na utaitambua kwa herufi LT zilizoandikwa mbele ya namba za ukubwa wake. Tofauti ya herufi mbili hizo ndiyo iliyotuponza sisi.

Tuchukue ukubwa mmoja, 245/75R16. Tairi la kawaida la ukubwa huo lenye namba ya mzigo 109 hubeba hadi kilo 1,030 likijazwa paundi 35. Tairi la LT la ukubwa huo huo, likijazwa paundi 35 zile zile, kwa viwango vya watengenezaji hubeba kama kilo 770 tu. Ukitaka libebe kilo 1,000 yapasa ulipandishe hadi paundi 50. Na lile lenye herufi E, ukilifikisha paundi 80, hubeba kilo 1,380.

Najua hapo wapo watakaoshangaa. Tairi nene na gumu, itakuwaje libebe kidogo kuliko lile jembamba? Jibu ni kwamba unene wa LT ni nafasi ya kuongezewa upepo, si badala ya upepo. Debe kubwa halishibishi nyumba kama halikujazwa. Limewekewa kipimo cha kazi ngumu, na kwa kuwa mpira wake ni mnene, likikunjwa huzalisha joto zaidi na kulitoa polepole. Kwa hiyo mtu anayeliacha na upepo mdogo kwa kuamini kwamba "hili ni gumu, halihitaji" anafanya kinyume kabisa cha lile alilokusudiwa.

Je, hii ina maana kila mwenye LT ajaze 50? La hasha. Magari mengi hayabebi mzigo wa ukomo kila siku. Kwa pick-up au gari la familia lililohama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, aghalabu nyongeza ya paundi 5 hadi 10 juu ya ile iliyoandikwa mlangoni ndiyo mahali pa kuanzia, kisha mzigo ndio unaoamua. Na kama tairi lako jipya la A/T halina herufi LT, na ukubwa wake na namba yake ya mzigo ni sawa na lile la kiwandani, basi kibandiko cha mlangoni bado ni kiongozi wako. Kwa wenye Land Cruiser zinazotumia matairi ya 7.50R16, hayo ni matairi ya mizigo tangu kiwandani, na kibandiko chake kiliandikwa kwa tairi la namna hiyo. Hapo nyongeza ninayoisema haihusiki.

Neno juu ya kibandiko chenyewe. Kiko kwenye nguzo au ukingo wa mlango wa dereva. Magari mengi tunayoyanunua yametumika Japani, na maandishi yake hatuyasomi, lakini namba tunazisoma. Ukiona 200, 220 au 240, hizo si paundi. Ni kilopaskali. Mia mbili ni paundi 29, mia mbili na ishirini ni paundi 32, mia mbili na arobaini ni paundi 35. Ukiona 2.0 au 2.4, ni hesabu ile ile iliyogawanywa kwa mia. Wengine husoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, penye neno "MAX", wakadhani hiyo ndiyo amri ya kujaza. Hiyo ni mpaka wa mwisho wa tairi. Haijui limefungwa kwenye gari gani wala limebeba nini.

Msikilizaji anaweza kuuliza: paundi tatu nne hizi ni kitu cha kuzungumzia redioni? Nitamjibu kwa jambo lililotokea Marekani. Katika miaka ya 1990 gari la Ford Explorer lilikuwa likiuzwa sana huko, na mengi yalifungwa matairi ya Firestone, miongoni mwao lile lililoitwa Wilderness AT. Ford waliandika kwamba yajazwe paundi 26, ili gari liwe laini na tulivu. Matairi yakaanza kuvuka kashata zake katika mwendo mkali na wakati wa joto, na magari yakapinduka. Agosti 2000 Firestone waliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, na wakawashauri wenye magari wajaze paundi 30. Mwaka uliofuata Ford nao wakatangaza kubadilisha matairi mengine kama milioni 13. Serikali ya Marekani ilihesabu vifo 271 vilivyohusishwa na matairi hayo. Makampuni mawili makubwa, yaliyokuwa yamefanya biashara pamoja karibu karne nzima, yakatengana kwa lawama, huyu akisema ni tairi, yule akisema ni gari.

Upepo haukuwa sababu pekee. Lilikuwapo suala la utengenezaji wa tairi na la umbo la gari. Lakini tofauti ya paundi 4, kutoka 26 hadi 30, ilijadiliwa mbele ya wabunge wa nchi ile kama jambo la uhai na kifo. Novemba 2000 ikapitishwa sheria, na matokeo yake ni kwamba tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima liwe na chombo cha kumwonya dereva tairi linapopungua upepo. Magari mengi yanayotembea kwetu hayana chombo hicho. Chombo chetu ni geji ya mkononi na kichwa cha dereva.

Hapo nisieleweke vibaya, kwani liko kosa la upande wa pili, nalo tunalipenda. Wapo madereva wanaosema, "Piga upepo mwingi, gari linakuwa jepesi, mafuta hayaendi." Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu. Kashata za katikati huisha, za pembeni zikabaki mpya, na nusu ya fedha yako ikawa imetupwa. Kwenye changarawe gari hurukaruka kama mbuzi, breki hazishiki vizuri, na jiwe lenye ncha, ambalo tairi laini lingelikumbatia na kulipita, hulipasua lile lililokazwa kama ngoma.

Basi tufanyeje? Nitaeleza hatua kwa hatua, nawe utaona hakuna inayohitaji utaalamu mkubwa.

Kwanza, nunua geji yako mwenyewe, uiweke ndani ya gari. Geji ya gereji hudondoshwa mara nyingi kwa siku, na hujui inasema kweli au inakisia.

Pili, pima tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya kuondoka, au gari likiwa limesimama si chini ya saa tatu. Upepo hupanda na joto, kama paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za sentigredi. Alfajiri ya Tarime ni ya koti, na mchana wa mbuga za Serengeti ni wa kutafuta kivuli. Tofauti hiyo pekee yaweza kubadilisha kipimo kwa paundi 2 au 3, gari likiwa limeegeshwa tu. Hivyo usipunguze kamwe upepo wa tairi lililo moto kwa sababu namba imepanda. Likipoa, utakuta umelinyima.

Tatu, jaza kulingana na mzigo. Pick-up tupu na pick-up yenye magunia kumi ya mahindi si gari moja. Matairi ya mbele hubaki karibu na kipimo chao, ya nyuma ndiyo yanayohitaji kuongezwa. Mzigo ukishuka, nayo yashushwe.

Nne, tumia chaki. Omba kipande kwa mwalimu, chora mstari mnene juu ya kashata kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha endesha mita kama mia moja mahali pakavu palipo sawa, bila kukata kona. Shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, upepo ni haba. Ikifutika sawasawa, uko karibu na kweli. Fanya jaribio hilo ukiwa na mzigo unaobeba kila siku.

Tano, hakikisha kwa safari. Jaza tairi likiwa baridi, tuseme paundi 36, endesha kwa mwendo wako wa kawaida saa nzima, simama upime mara moja. Likiwa limepanda kama paundi 4 na kufika 40, ulianza vizuri. Likiwa limefika 44, linachemka kwa sababu ulianza na upepo mdogo au umebeba mno. Likiwa limepanda moja tu, ulianza na upepo mwingi. Kwa LT gumu lililobeba mzigo, hata kupanda paundi 6 si jambo la kutisha. Kanuni hii hutumiwa sana na madereva wanaosafiri jangwani Australia, na ubaya wake mmoja tu ni kwamba inataka subira ya kusimama na kupima. Kama sisi tungeifanya siku ile, tungegundua kosa letu mapema kabla ya kulifikia Daraja la Kirumi.

Ukishapata namba zako mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, ziandike kwenye karatasi uibandike karibu na kile kibandiko cha kiwandani. Hiyo ndiyo "kawaida" yako mpya.

Sasa nizungumzie barabara zetu, kwa maana hakuna anayenunua matairi ya A/T kwa ajili ya lami peke yake. Ukitoka hapa kwenda vijijini, au ukashuka upande wa Mugumu na kuingia mbugani, utakutana na changarawe yenye mawimbi yanayotikisa mpaka meno. Hapo kupunguza upepo ni jambo jema. Punguza kama robo: kama ulikuwa na 40, shuka hadi 30. Tairi hulala kidogo, hukumbatia mawe, na gari lenyewe hupumzika. Lakini sharti lake ni moja, nalo halina mjadala: ukipunguza upepo, punguza na mwendo. Usizidi kilomita 60 kwa saa. Kwenye mchanga mzito au tope unaweza kushuka hadi paundi 20, na hapo mwendo uwe wa kutembea polepole, chini ya 30. Chini ya paundi 15 usiende, maana tairi laweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona.

Kwa ule udongo mweusi wa mbugani mvua ikinyesha, nawaomba msitarajie miujiza kutoka kwenye geji. Tope lake hujaza nafasi zote za kashata mpaka tairi linakuwa kama limepakwa siagi. Mara nyingi dawa yake ni kusubiri jua.

Na la mwisho katika hilo: mwenye kupunguza lazima awe na cha kujazia. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari, au hata ya mguu, iwe ndani ya gari kabla hujatoa upepo wa kwanza. Hatari kubwa haiko kwenye tope. Iko pale dereva anapomaliza vumbi, akaiona lami inang'aa mbele yake, akakanyaga mafuta hadi 100 na matairi yana paundi 22. Hapo ndipo tulipoanzia mazungumzo yetu, kwenye waya unaokunjwa na kukunjuka.

Ndugu msikilizaji, katika sehemu zetu hizi gari moja hufanya kazi ya magari mengi. Pick-up ya ndizi Jumatatu, Jumanne inabeba watu wa mnadani, na usiku wa Jumatano inamkimbiza mama mjamzito hospitali. Mama yule hakuulizwa matairi yana upepo kiasi gani. Ameketi nyuma akishika ubao wa bodi, na ametuachia sisi jambo hilo. Tairi likipasuka, tusimlaumu kijana wa kompresa. Yeye aliuliza, "Niweke ngapi?" na swali lake lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni yule aliyemjibu bila namba.

Pale Nkende nilisimama nikamwendea yule mzee, nikamwomba radhi kwa kuingilia, nikamwonyesha herufi mbili zilizokuwa ubavuni mwa matairi yake. Zilikuwa LT. Tukafungua mlango, tukasoma kibandiko pamoja. Kilisema 200 mbele na 240 nyuma. Akakaa kimya kidogo, kisha akamwita kijana. "Mura, weka thelathini na sita mbele, arobaini na mbili nyuma. Kesho asubuhi nitakuja na chaki."

Nawatakia safari njema. Hadi juma lijalo.